Insulini Aliyoimwaga Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Katesh, mlima umejifunika mawingu, baba alipotoka nyuma ya duka na chupa ndogo ya dawa mkononi. Aling'oa kifuniko kwa kisu, akaimwaga yote mtaroni, akanawa mikono na kurudi kupima mchele kama kawaida. Dawa ile ilikuwa ya mdogo wangu, Zuhura. Hebu kaa vizuri, Hamisi mwanangu, na hiyo simu iweke chini. Jambo hili nilidhani sitalisimulia tena, na wewe umenilazimisha.

Shangazi yako Zuhura hukumjua. Alikuwa msichana wa darasa la saba, mwepesi wa kucheka, anayejua kumwiga kila mteja wa duka letu. Akaanza kunywa maji bila kukata kiu, akakonda mpaka gauni la shule likawa linamning'inia. Baba alimpeleka hospitali Mbulu, wakamwambia ni kisukari, mwili wake umeacha kutengeneza insulini, na bila kuchomwa sindano kila siku hataishi. Mama akafundishwa kuchoma. Friji hatukuwa nayo, kwa hiyo chupa tuliiweka kwenye chungu chenye mchanga mbichi, mbali na jiko. Zuhura akanawiri. Akarudi shule, na wateja wakaanza kuigizwa upya.

Kisha akaja dereva wa lori aliyekuwa akituletea chumvi. Alipoambiwa habari za mtoto, akamweleza baba kwamba insulini inatolewa kwenye nguruwe. Basi. Dereva wa lori, mwanangu, mtu anayejua breki na matairi. Baba yangu alikuwa mtu wa msikitini na hakutaka najisi iingie kwenye damu ya mwanawe. Hakumuuliza mtu mwingine. Aliimwaga siku ileile na kuanza kumnywesha mtoto majani ya kuchemsha.

Sitakueleza yote. Zuhura alianza kutapika, akawa anahema kama aliyepanda mlima, na pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tulipopata gari la kumrudisha Mbulu alikuwa hamtambui tena mama. Alifariki njiani, kabla hatujafika Dongobesh.

Baada ya mazishi, baba alikwenda hospitali kurudisha bomba la sindano la kioo tulilokuwa tukimchomea Zuhura. Daktari akamweleza kwamba enzi hizo insulini ilikamuliwa kutoka kwenye kongosho za wanyama waliochinjwa, na kweli nyingine ilikuwa ya nguruwe. Lakini ile aliyopewa Zuhura ilikuwa ya ng'ombe. Ng'ombe, Hamisi. Kitoweo cha nyumba yetu.

Baba aliporudi na habari hiyo, imamu wetu, Mzee Juma, alikuwa ametutembelea kutupa pole. Alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mzee mpole, sikuwahi kumsikia akimkemea mtu, lakini siku hiyo alimwambia baba mbele yetu sote: "Mimi na wewe tunaonana kila swala. Daktari aliyeandika dawa yupo. Wewe ukamsikiliza dereva. Hata ingekuwa ya nguruwe, mgonjwa asiye na dawa nyingine hakatazwi kuokoa uhai wake, na hilo ningekujibu hata tukiwa tunavaa viatu mlangoni. Hukuniuliza."  Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo na sikumsikia akijitetea hata mara moja.

Sasa tuje kwako, maana uvumilivu wangu umefika ukingoni.

Wiki iliyopita wenzako wa bodaboda walinipigia kwamba umeanguka kwenye njia ya Gehandu, pikipiki kule, wewe huku. Nilipokuinamia hospitalini nikaisikia harufu ya pumzi yako, na naijua, ni ile ile ya Zuhura. Nikadhani dawa yako ya kisukari imekosekana. Kumbe ipo, umeificha kabatini hata kufunguliwa haijafunguliwa. Na sababu? Video. Mtu usiyemjua amekaa kwenye gari na miwani yake anasema insulini ya siku hizi imetengenezwa kwa uhandisi jeni, kwamba itakubadilisha damu na hutazaa. Wewe ambaye unamaliza chupa nzima ya kile kinywaji cha kuongeza nguvu bila kusoma kilichoandikwa ubavuni.

Mimi sikutaka kujibu nisichokijua, nikamfuata Daktari Paulina, yule binti wa wakulima wa kule Tumati. Aliniamkia shikamoo, akavuta kiti, na tulikaa mpaka nikaelewa. Nami nakueleza kama nilivyoelewa.

Ndani ya kila chembe hai ya mwili kuna vinasaba, na vinasaba vimebeba maelekezo. Sehemu moja ya maelekezo hayo, yaani jeni moja, inaiambia kongosho namna ya kutengeneza insulini. Wataalamu waliyasoma maelekezo hayo kwa binadamu, wakatengeneza nakala yake. Wakachukua bakteria, kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, wakakata kinasaba chake kwa kitu wanachokiita kimeng'enya, kinachokata pale tu kinapopaswa kukata, wakaipachika ile nakala na kuiunga. Basi, huo ndio uhandisi jeni: kuchukua maelekezo ya kiumbe kimoja na kuyaweka ndani ya kingine. Bakteria huyo hajui kwamba amepewa kazi ya mwingine. Anayasoma, anatengeneza insulini ya binadamu, na anazaliana kwenye tangi mpaka wanakuwa wengi wasiohesabika. Wengine wanatumia hamira badala ya bakteria, ndugu ya hii ya maandazi. Kisha insulini inachujwa na kusafishwa, na kwenye dawa unayochoma hamna bakteria aliye hai wala jeni ya kukubadilisha. Ni insulini tu. Inafanya kazi yake, inaisha, ndiyo maana kesho unachoma tena. Ingekuwa inakubadilisha, ungechoma mara moja ukapona, nasi tungepumzika.

Unasikia nilichosema? Insulini ya binadamu. Hakuna nguruwe, hakuna ng'ombe. Kile kilichomtia baba yangu hofu mpaka akamwaga dawa ya mtoto wake, uhandisi jeni ndio uliokiondoa. Na wewe, mtoto wa nyumba hii hii, unaikataa dawa kwa sababu ya huo huo uhandisi jeni. Nilipoligundua hilo pale kwa daktari nilicheka, kisha nikalia, na binti wa watu akahangaika kunitafutia maji.

Sikukatazi kuwa na shaka. Wakulima wanaouliza mbegu iliyotengenezwa kwa uhandisi jeni ikija nani ataimiliki, na itafanya nini kwa mbegu zao za asili, wanauliza maswali ya haki. Daktari mwenyewe aliniambia kila kitu kinachotengenezwa hivi kinapaswa kupimwa chenyewe, kwa kazi yake, wala hakuna jibu moja la vyote. Lakini kuuliza ni kwenda kwa mtu anayeweza kukujibu, na ambaye akikosea, kesho utamkuta. Yule wa kwenye video utamkuta wapi?

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uishike ukiwa hapa na ukiwa barabarani. Ukiwa na shaka na dawa yako, nenda kwa aliyekuandikia, muulize mpaka achoke. Ukihofia dini yako, muulize imamu. Ukiona aibu kuuliza, niambie, nitakusindikiza mimi na mkongojo wangu. Ila wakati unasubiri jibu, endelea kuchoma sindano. Swali linaweza kusubiri hata mwezi. Mwili wako hauwezi.

Mungu akupe macho ya kuona wanaokutakia mema, akupe ulimi wa kuuliza mapema, na akujalie uzee wenye kelele za wajukuu. Haya, nyanyuka ukanawe mikono. Muda wa sindano umefika, na leo nitakaa hapa hapa mpaka nione umechoma.