Tuliomba Mchango

Mwaka bei ya ufuta ilipoanguka, wafadhili wetu wa Dar es Salaam nao waliacha kutuma pesa. Kikundi chetu kilikuwa kikipika uji wa watoto wa chekechea pale kijijini Mitole, ambako nilikuwa nimetua kwa muda, kama kawaida yangu ya kuhamahama. Tukapita nyumba kwa nyumba kuomba mchango. Watu walitujibu kwa adabu, lakini hawakutoa kitu.

Siku unga ulipoisha, nilimkuta bibi mmoja akichimba mihogo.

"Shikamoo bibi. Tunaomba mchango wa uji wa watoto."

"Marahaba. Mchango tena? Juzi wa darasa, jana wa barabara. Wewe umetumwa na mtendaji?"

"Hapana, bibi. Ni mtu akipenda tu."

"Sasa hiyo si sadaka, mjukuu wangu? Mbona mnatutisha na michango?"

Akanijazia kikapu. Njia nzima nilijuta kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kulitamka neno hilo, sadaka.

Shuleni jiko lilikuwa limefungwa na mpishi amerudi shambani kwake. Niliwagawia watoto mihogo mibichi, wakaitafuna huku wameshika vikombe vitupu. Mmoja aliniuliza kama kesho kuna uji.