Shemeji Majini

Pélagie Nabintu alikuwa akisafisha ndege pale uwanjani, zamu ya alfajiri, na siku zake za mapumziko alivua samaki. Katika kanisa letu la Märsta hakukuwa na mwanamke mwingine wa namna hiyo. Alizaliwa Uvira, kando ya ziwa, lakini kule wanawake hawakuingia majini. Walingoja ufukweni wanunue, wakaushe, wauze. Kuvua alijifunzia hapa Sweden. Alifundishwa na mumewe Norbert, na Norbert alifundishwa na rafiki yake Okech, Mjaluo wa Homa Bay aliyekuwa akipanga mizigo katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Norbert alipofariki mwaka 2007, tulidhani vile vifaa vitauzwa. Baada ya matanga Pélagie alimwambia Okech, "Shemeji, msimu ukifika unipitie."

Okech akawa anampitia. Walipenda kwenda mwishoni kabisa mwa msimu, Novemba, wakati Waswidi wengi wameshapandisha boti zao nchi kavu. Maji yakipoa, samaki aitwaye gädda hunenepa. Ni samaki mrefu, ana mdomo kama wa bata na meno kama ya mbwa, na Pélagie alimpika kwa nyanya na mawese mpaka watu wakasahau miiba yake. Okech yeye alikuwa akimtafuta öring, ndugu wa samoni, mwenye madoa ubavuni. Kwa miaka kadhaa alimtafuta asimpate, na kila safari alisema leo ndiyo leo.

Mwaka 2010 baridi iliwahi. Asubuhi ile, Jumamosi ya mwisho wa Novemba, theluji ilikuwa imeshalala, na kwenye ghuba ya ziwa la Mälaren walikoweka boti yao ya bati, maji ya pembeni yalikuwa yameganda utando mwembamba kama kioo cha dirisha. Katikati bado yalikuwa wazi, meusi, yametulia.

"Shemeji, barafu inaanza kufunga," Pélagie alisema. "Turudi tu."

"Hii si barafu, hii ni ngozi ya maziwa," Okech akajibu. "Wiki ijayo hatutaweza tena. Hebu ingia."

Akaingia. Boti ilivunja ule utando kwa mlio wa sahani zikipasuka, wakatoka hadi upande wa pili wa ghuba, penye kina, wakatia nanga. Pélagie alivaa jaketi la kujiokolea na kulifunga mpaka kidevuni. Okech alilikalia lake kama mto, kwa kuwa ubao wa boti ulikuwa na baridi.

Mishipi iliganda. Kila baada ya kutupa ndoana mara chache ilibidi wachovye ncha ya fimbo ya kuvulia majini ili barafu iyeyuke kwenye vipete vinavyopitisha mshipi. Walivuta polepole sana, maana samaki wa maji ya baridi hakimbizi kitu, anakitazama kwanza. Muda mrefu hapakutokea kitu. Kisha fimbo ya Pélagie ikainama mara moja, ikabaki imeinama.

"Ni jiwe?" Okech akauliza.

"Jiwe haitembei."

Samaki alizunguka chini ya boti mara mbili. Alipopanda juu, wote wawili walimwona. Alikuwa gädda wa urefu wa mtoto wa chekechea, mgongo wa kijani, jicho la njano. Okech alichukua wavu wa mkono, akapiga goti ukingoni, akajinyoosha. Samaki akakimbia. Okech akamfuata kwa mkono, kisha kwa bega, na boti ikalala upande ule. Hakupiga kelele. Alitumbukia kichwa mbele, na ile fimbo ikamchomoka Pélagie mkononi ikaenda na samaki wake.

Okech alipoibuka, mdomo ulikuwa wazi lakini haukutoa neno. Alikuwa akivuta pumzi fupi fupi, mfululizo, kama mtu anayekimbizwa. Pélagie alimrushia lile jaketi alilokuwa amelikalia. Alilikumbatia, kulivaa hakuweza. Koti lake zito na viatu vyake vya mpira vilikuwa vimejaa maji.

"Shika boti. Shemeji, shika boti, nakuvuta."

Alimshika kola akavuta. Boti ikainama, maji yakaingia hadi kwenye vifundo vyake, akamwachia upesi. Akahamia nyuma, kwenye injini, akajaribu tena kutokea pale. Okech alikuwa mzito kuliko magunia mawili, na vidole vyake vilikuwa vimeshaacha kukunjika. Pélagie akaelewa kwamba hatampandisha. Akiendelea kujaribu, watakuwa wawili majini na hakuna atakayejua mpaka usiku, watakapokosekana nyumbani.

Akaiinua injini juu ili panga zake zisimguse. Akaivuta nanga, akaikata kamba kwa kisu cha samaki, akaipitisha chini ya kwapa za Okech na kuifunga kwenye ubao wa nyuma, fundo juu ya fundo. Kisha akakaa kwenye makasia, akaelekea ufukwe wa karibu. Simu ilikuwa kifuani, chini ya sweta, ndani ya mfuko wa plastiki ili baridi isiue betri. Kuitoa kungetaka mikono yote miwili. Akaamua mikono ni ya makasia.

Anayepiga kasia hutazama anakotoka, kwa hiyo safari nzima alikuwa akitazamana na uso wa Okech. Aliuona ukibadilika rangi. Aliona macho yakianza kujifumba.

"Usilale. Unasikia? Weye mwanaume gani unalala mchana?"

Okech akafumbua macho.

"Mjinga weye. Jaketi ni ya kukalia? Nitamwambia nini Elieshi? Nimwambie bwana yako alikufa juu ya samaki yangu?" Elieshi alikuwa mke wa Okech. "Sema kitu. Nitukane na weye."

"Baridi," Okech akasema, kwa sauti ya mtoto.

"Hiyo si tusi. Sema ingine."

Hakusema nyingine. Baadaye Pélagie alisema kilichomtisha si kutetemeka kwake, bali pale kutetemeka kulipokoma.

Karibu na ufukwe boti iligonga ule utando na kusimama. Huku ulikuwa mzito zaidi. Aliinuka, akageuka, akaupiga kwa kasia, akasukuma, akapiga tena. Vipande vilimrukia usoni. Matete yalikuwa mbele yake kabisa, angeweza kuyagusa kwa kasia, na boti haikuenda. Akapima maji kwa kasia lilelile: yalifika kiunoni. Akashuka. Anasema hakuhisi baridi, alihisi kama amepigwa fimbo miguuni. Akamfungua Okech, akamkokota kwa kola kupitia njia aliyoivunja kwa mapaja yake mwenyewe, mpaka wakaanguka wote kwenye theluji.

Juu ya ufukwe kulikuwa na nyumba ndogo ya kiangazi, nyekundu, imefungwa kwa majira ya baridi. Hakukuwa na gari, hakukuwa na nyayo. Pélagie alisimama mbele ya mlango wa kioo akiwa na jiwe mkononi. Kesi yake ya uraia ilikuwa bado mezani kwa watu wa uhamiaji, na tangu afike nchi hii hakuwahi hata kupanda treni bila tiketi. Kuvunja nyumba ya mtu ni kuvunja nyumba ya mtu. Aligeuka akamtazama Okech kwenye theluji. Akapiga kioo.

Ndani alimvua nguo zote, za juu na za chini, kwa kisu pale vifungo vilipokataa. Mtu ambaye kwa heshima ya marehemu hakuwahi hata kumwona amevaa vesti tu. Akamviringisha kwa mablanketi na zulia. Akawasha jiko la kuni, na kwa kuwa hakujua kwamba bomba lina kifuniko chake cha kufungua, moshi ukajaa chumbani. Ndipo akatoa simu na kupiga 112, namba ya dharura.

"Mko wapi?" mtu wa upande wa pili aliuliza kwa Kiswidi.

"Kwenye nyumba nyekundu, karibu na maji."

"Kuna nyumba nyingi nyekundu. Barabara gani?"

Hakujua. Akataja gati walikoanzia, akaeleza kwamba wamevuka ghuba, wako upande wa magharibi. Maneno yalimpotea, akayarudia. Wakati huo alikuwa akimsugua Okech mikono kwa nguvu. Yule mtu akamuuliza anafanya nini, kisha akamwambia aache kusugua, asimsimamishe, asimpe kitu cha kunywa, amfunike tu kichwa na alale karibu naye. Pélagie alikuwa akikohoa. Yule mtu akauliza anakohoa nini, naye akaeleza habari ya moshi.

"Fungua kifuniko cha bomba," yule mtu akasema. "Utoke juu. Waokoaji wataufuata huo."

Akakipata, akakivuta. Moshi ukapanda. Kando ya ghuba nzima, siku ile, hakukuwa na nyumba nyingine iliyofuka. Alilala chini ya mablanketi pamoja na Okech, ameweka kiganja mbele ya mdomo wake ili ahisi kama bado unatoa hewa, na alikaa hivyo hadi aliposikia gari.

Okech alipona. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki na ganzi. Lakini hospitalini, Pélagie alipoingia na chupa ya uji, aligeuza uso ukutani. Aliporudi nyumbani hakupokea simu yake. Kanisani alikaa upande mwingine. Watu wakaanza kusema mambo, kama watu wanavyosema, na Pélagie aliyasikia.

Alipokuja, ilikuwa Machi. Elieshi ndiye aliyebisha hodi. Mumewe alikuwa nyuma yake, ameshika kofia mkononi.

"Huyu amenichosha," Elieshi akasema. "Aseme mwenyewe."

Okech alikaa. Pélagie akamimina chai. Okech akasema, "Shemeji, uliniona."

"Nilikuona."

"Norbert angekuwa hai ningemtazamaje?"

"Norbert angekuwa hai, yeye ndiye angekuvua nguo. Hakuwepo." Pélagie alimsogezea kikombe. "Niliona mtu anakufa. Sikuona kitu kingine, na wanaosema niliona, waulize walikuwa wapi."

Okech alifunika uso kwa kofia. Elieshi alisogea akaketi kando ya Pélagie, akamshika goti, na wakamwacha mwanaume alie mpaka amalize.

Kuhusu nyumba: polisi waliandika maelezo, wakafunga jambo. Mwenye nyumba, mama mmoja mzee, alipiga simu kuuliza kama mgonjwa yu hai, akasema kuta bado zinanuka moshi, akakata. Uraia ulitoka kiangazi kilichofuata.

Okech hakuingia tena kwenye boti. Pélagie huvua bado, Novemba, sasa akisimama kwenye miamba. Mwaka juzi alimpata öring, yule samaki wa Okech, mdogo, mwenye madoa. Alimtazama kidogo, akamchomoa ndoana kwa koleo, akamrudisha majini, kisha akafuta mikono na kutupa tena.