Hana Kula Mpaka Krismasi

Kanisa letu lilikuwa ghorofani katika nyumba moja ya zamani ya Wahindi pale Old Kampala, juu ya duka la vitambaa. Waumini hatukuzidi sitini, na wazee wa kanisa walikuwa tisa. Tisa! Kila mwanamume aliyevuka mpaka kutoka Kongo akiwa na koti na Biblia alijiona amezaliwa kuongoza. Nyumbani wengine wao hawakuaminiwa hata kufagia madhabahu, lakini Kampala walifunga tai, wakaitana waheshimiwa na kufanya vikao kila wiki.

Mwaka huo waligombania uenyekiti wa baraza. Ili kupunguzana wapiga kura, wakaamua kwamba asiyekuja na barua ya kanisa lake la Kongo asipige kura mpaka Krismasi. Wengi wasio na barua walijiandikia wenyewe. Mama yangu hakuwa nayo na hakujiandikia, kwa sababu hakuna aliyejisumbua kumwambia. Uamuzi uliingizwa kwenye daftari na katibu wa baraza, Muganda mpole aliyeoa kwetu, ambaye kwake l na r zilikuwa herufi moja. Aliandika jina la mama, na mbele yake: hana kula mpaka Krismasi.

Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi ni Jumapili ya Meza ya Bwana, mwezi wa nane, mchungaji akiwa ametoka safarini. Alifungua daftari, akavaa miwani na kusoma jina la mama mbele ya watu wote. Hana kula mpaka Krismasi. Sahani ikapita mbele ya mama kama vile kiti chake hakina mtu. Na wale wazee waliokaa kwenye kikao, waliojua fika kilichoamuliwa? Waliipokea sahani, wakala. Kila mmoja alidhani wenzake wamemkuta mama na kosa jipya yeye akiwa hayupo, na hakuna mzee anayependa kuonekana hajui.

Mama alimfuata mchungaji baada ya ibada kumwuliza amekosa nini. Mtu wa Mungu hakujua, lakini angekufa kabla ya kusema hajui. Alimwekea mkono begani, akamwambia kwa sauti ya huruma, "Mama, roho yako inajua."

Basi waumini wakaanza kumtafutia dhambi. Wa kwanza walisema anapika pombe. Akina mama wa maombi wakasema hapana, ni mwanamume: yule Mkenya wa kiwanda cha sabuni anayekunywa chai kila asubuhi kwenye kibanda cha mama cha chapati, pale Kalerwe. Dhambi hiyo iliwapendeza zaidi, ikabaki. Waliomba juu yake kwa machozi, wakifumbua jicho moja kuona nani amefika.

Na katika miezi hiyo yote, mkate wa Meza ya Bwana uliendelea kupikwa na mama yangu. Ilikuwa chapati, kwa kuwa mikate ya dukani ilitawanya makombo kwenye zulia la mchungaji, na chapati za mama zilikuwa laini kuliko za wote. Mke wa mchungaji alikuja mwenyewe kuziagiza. Mama alikanda, akachoma, akazifunga kwenye kitambaa cheupe na kuzipeleka, halafu akakaa benchi la nyuma na kuangalia watu wakizila. Nyumbani alikuwa akipiga magoti na kutubu kila alichokumbuka, mpaka ndizi alizoiba akiwa mtoto. Alitaka kitu kimoja tu, kula na wenzake siku ya Krismasi.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naimba kwaya. Nilihama benchi lake nikakaa na wenzangu wa sauti ya pili. Yule Mkenya akinisalimia, nilikuwa nageuza uso. Siku moja mama akisukuma chapati nilimwuliza, "Mama, ni yule Mkenya?" Aliendelea kusukuma.

Krismasi ikafika. Kabla ya Meza, mchungaji alimwita mama mbele atubu ili arudishwe. Mama akasimama, mikono imeshika kitenge.

"Pasta, nimetubu yote nilikumbuka," alisema. "Iyi moja siiyui. Muniambieko, nitubu nini?"

Mchungaji akageukia wazee. Wazee wakaangalia viatu vyao. Daftari likafunguliwa, likasomwa tena, na hapo katibu akaruka kutoka kwenye kiti chake.

"Bannange! Hiyo kula si ya kukula! Ni kula ya kupiga!"

Ilichukua muda watu kuelewa, kisha kanisa zima likacheka. Wazee ndio waliocheka zaidi, wakipigana mabega. Hakuna aliyesema tusamehe. Mchungaji alipanguza miwani, akasema hata hivyo hakuna binadamu asiye na la kutubu, tumshukuru Bwana kwa kumrudisha dada yetu. Wakapiga makofi. Mama akapewa kipande cha chapati yake mwenyewe, akakitafuna polepole, macho chini.

Tulipotoka nilimshika mkono kwenye ngazi. Nilikuwa nawaka. Niliwatukana wote mmoja mmoja, yule katibu wao na herufi zake, mchungaji na miwani yake, wazee tisa wasioweza kusoma mstari mmoja. Nilitaka acheke na mimi. Alinisikiliza mpaka chini, tukafika mlangoni pa duka la vitambaa, akautoa mkono wake taratibu.

"Bale balisoma mu kitabu," akasema. "We ulisoma wapi?"