Wapenzi Wasiogombana

Mama alipotolewa mtoto wa jicho, alikaa kwangu Homa Bay wiki mbili kabla ya kurudi kwake Karungu. Daktari alimkataza kuinama, kubeba maji na kukaa karibu na moshi. Mtu aliyezoea kuamka na jembe akabaki ameketi kwenye kochi langu, hana la kufanya. Jumapili moja alasiri nikamfungulia filamu kwenye kompyuta, ajaribu jicho lake.

Ilikuwa filamu ya mapenzi ya wakati wa vita. Mwanajeshi wa kizungu na muuguzi wanakutana, wanapendana, vita vinawatenganisha. Nilikuwa namtafsiria kwa Dholuo, lugha yetu. Vita vyenyewe vilipigwa picha vizuri sana: matope, farasi waliozama, treni iliyojaa majeruhi. Hapo Mama alisogea mbele mpaka nikamshika bega kumrudisha. Lakini kila wapenzi wale walipotokea, alianza kupiga miayo. Walikuwa wazuri, hawana doa, na hawakuwa na la kuambiana. Walisimama wakitazamana tu, muziki ukiwafanyia kazi yote.

"Hawa wawili wana nini?" Mama aliuliza.

"Wanapendana."

"Nani amesema?"

Katika filamu ile yeye alimpenda mpishi wa jeshi, mzee mnene aliyeficha mkate ndani ya kofia ampelekee mgonjwa. Mpishi alipouawa, Mama alisikitika kabisa. "Wangemwacha huyo," alisema, "wakawachukua wale."

Kisha barua ikafika kwamba mwanajeshi amekufa. Muuguzi alilia dirishani, machozi yakishuka polepole, uso haukunjiki hata kidogo. Mama akaniambia nizime.

Baba yangu alikuwa mwanajeshi. Alikufa ng'ambo ya mpaka nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nakumbuka siku walipokuja kutuambia, wanajeshi wawili pamoja na chifu. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Aliwasikiliza akiwa amesimama, mwiko mkononi, kisha akarudi kwenye sufuria akamaliza kusonga. Aliwakaribisha, akawapa maji ya kunawa, akawapakulia ugali na dagaa wa omena. Hakulia siku hiyo, wala siku ya mazishi. Nilimchukia kwa hilo. Nilienda shule ya bweni, nikaenda chuo, nikaolewa, na moyoni nilibaki na neno moja tu: hakumpenda.

Nilizima kompyuta. Halafu Mama akaanza kuongea, akitazama mikono yake.

"Baba yako aliniahidi atakuja Krismasi. Nilikuwa nimepaka nyumba udongo mpya, nimetenga jogoo. Akapiga simu kwamba wameongezewa miezi mitatu. Nikamwuliza, wewe umeoa nani, mimi au bunduki? Akacheka. Alikuwa anacheka kila nikikasirika, na hicho ndicho kilichonikasirisha zaidi. Nikamwambia, basi kaa huko huko. Nikakata simu."

Alikunjua kitenge magotini. Nilidhani amemaliza.

"Alipiga tena mara mbili. Sikushika. Nilitaka asikie uchungu kidogo. Wiki iliyofuata ndipo wale watu walipokuja."

"Mama."

"Ningelia vipi mbele ya watu? Nilimwambia akae huko, akakaa."

Nilimwambia kile nilichokuwa nimekibeba miaka yote hiyo, kwamba nilifikiri hakumpenda Baba. Hakushtuka.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nakuona ukiniangalia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, nyathina, mwanangu? Kwamba nilimfukuza?"

Nilimwambia hakumfukuza, kwamba wake wote wa wanajeshi husema maneno kama hayo, na kwamba Baba alicheka kwa sababu alimjua. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama anavyomwitikia mhubiri ambaye hamwamini. Kisha machozi yakamtoka, na mimi, mjinga, nikakimbilia kitambaa safi kwa kuwa daktari alisema jicho lisilowe.

Mama alifariki wakati wa mvua za mwaka huo, kwa shinikizo la damu, kabla ya jicho la pili kufanyiwa upasuaji. Tulimzika Karungu, kando ya Baba. Waombolezaji waliposimama kusema, walimsifu kwa moyo wake mgumu. Sikuwasahihisha.

Wageni walipoondoka, ndugu yangu mdogo, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni Baba alipokufa, alikuja akaketi nami kwenye veranda. Hana kumbukumbu yoyote ya Baba, hata sauti.

"Hivi Baba na Mama walipendana kweli?" aliniuliza.

Nikamsimulia ile simu: nyumba iliyopakwa udongo, jogoo, umeoa nani, mimi au bunduki. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika mwisho aliomba nirudie pale Baba alipocheka. Nikarudia. Akauliza siku ile kwenye simu Baba alicheka namna gani, kwa sauti kubwa au chini chini, na ilibidi nimwambie kwamba sikumwuliza Mama hilo.