Kikopo Cheupe Kwenye Begi la Bibi Harusi

Begi la harusi la dada yangu lilikuja na kitu ambacho hakuna binadamu aliyekubali kwamba alikitia.

Mama mkwe aliapa si yeye. Mawifi watatu wakaapa si wao. Shangazi aliyelifunga zipu akaapa zaidi ya wote, mpaka akataja marehemu.

Kitu chenyewe kilikuwa kidogo tu, kikopo cheupe cha krimu ya uso. Lakini kilikaribia kuvunja ndoa, na aliyekishika juu watu wote wakione ni mimi hapa.

Basi tulieni niwaambie, maana kuna watu mitaani wanaihadithia wanavyotaka wao.

Mimi nauza vipodozi Bondeni. Duka si langu, lakini mdomo ni wangu. Nina ukurasa mtandaoni, nachukua krimu mbili za kulainisha uso, naziweka pamoja, nasoma viungo vyake kimoja kimoja, halafu nawaambia watu wanaibiwa wapi.

Watu hawasomi lebo. Wanatazama picha. Wakiona jani la shubiri limechorwa mbele, wanatoa elfu mbili bila kuuliza.

Geuza kikopo nyuma. Kinachotajwa mwanzo ndicho kingi, na vya mwisho mwisho ni vya kuonjeshwa tu. Maji, gliserini, parafini, nta, na ile shubiri utaikuta mkiani kabisa, baada ya manukato. Umelipa elfu mbili kununua maji.

Ndiyo maana naitwa Swafiya wa Lebo. Sitadanganya, jina nalipenda.

Sasa dada yangu, Farah. Ananizidi miaka mitatu, anafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na ni mweusi. Sisi wengine nyumbani tumetoka weupe, yeye kamchukua nyanya mzaa baba. Tangu utotoni amesikia yote. Kuna mgeni aliwahi kumuuliza mama, mbele yake, kama huyu ni wa jirani.

Alikuwa akicheka tu. Tukadhani amezoea.

Halafu akaja Ziad kuposa. Kijana wa Ganjoni, anapokea samaki kwenye maboti pale Liwatoni, ana ndevu zilizochongwa vizuri na uso mweupe unaong'aa. Wanawake wa mtaa wakaanza kunong'ona kwamba Farah kaokota. Farah alimpenda Ziad kwa mambo mengine kabisa. Mtu huyu alikuwa akimsikiliza mpaka amalize.

Siku kumi na mbili kabla ya nikaha, begi likaletwa.

Kwa msiojua ada za kwetu, upande wa bwana harusi hujaza begi nguo, viatu, manukato na vipodozi vya bibi harusi. Wanawake wao hulileta, na hufunguliwa mbele ya wanawake wa kwetu. Kila kitu huinuliwa juu kionekane, na vigelegele juu yake. Bibi harusi mwenyewe hukaa chumbani, anasikia tu.

Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri. Zikainuliwa dera, zikainuliwa kanga, kikainuliwa kiatu kimoja mpaka mama yangu akapiga kigelegele cha pili. Halafu vikainuliwa vikopo viwili vya krimu ya uso, kimoja cha buluu, kimoja cheupe.

Mkono ukaanza kuniwasha. Mnanijua.

Watu walipoanza kula, nikavichukua vyote viwili nikaingia jikoni. Nikachukua na krimu ya siku zote ya Farah, ya shilingi mia mbili na hamsini kutoka dukani kwetu. Nikavipanga vitatu karibu na jiko, nikatoa kalamu.

Cha buluu na cha Farah vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Maji, gliserini, parafini, nta, siagi ya shea, manukato. Tofauti ilikuwa bei tu, na kifuniko cha dhahabu. Nikacheka peke yangu.

Nikageuza cheupe. Maji. Gliserini. Parafini. Nta. Halafu, kwa herufi ndogo ndogo za kutafuta na tochi ya simu, haidrokwinoni.

Kama hamkijui, hicho ndicho kiungo cha kuchubua. Kinaanza na weusi, kinamalizia na ngozi yenyewe. Hapa nchini kimepigwa marufuku kwenye vipodozi. Na mbele ya kikopo waliandika kwa upole kabisa kwamba ni krimu ya kulainisha uso.

Mtu mwenye akili angemwita mama pembeni.

Mimi nilirudi sebuleni, wageni wakiwa bado na sambusa mikononi, nikaisoma ile lebo kwa sauti ile ile ninayotumia ukurasani. Nilipofika pale, nikasoma mara mbili.

Hapo kimeumana.

Shangazi wa Ziad akaweka sahani chini akaanza kuapa. Wifi mmoja akasema hajawahi kukiona. Mama yangu hakupandisha sauti. Alisimama akauliza jambo moja tu.

"Siku ile mlokuja kuposa, hamkumuona mwanangu alivyo?"

Wakaanza kuokota mabuibui yao. Waliondoka bila kutiwa marashi, na kwetu mgeni wa harusi kuondoka bila marashi si jambo dogo.

Nikaingia chumbani na kikopo changu mkononi, kama askari aliyemkamata mwizi. Farah alikuwa amekaa kitandani na rafiki yake wa kazini, Sidi, binti wa Kaloleni aliyekuja kukaa naye tangu asubuhi. Walisikia yote. Ukuta wetu ni mwembamba na sauti yangu mnaijua.

Farah hakulia.

"N'lidhani huko sitapimwa rangi," akasema.

Akavua pete ya posa, akaitia kwenye bahasha, akaniambia kesho niipeleke Ganjoni. Roho iliniuma kumuona vile. Lakini niseme na hili, kwa aibu: ndani yangu nilijiona shujaa. Nilijiambia nimemwokoa dada yangu.

Na kabla ya kulala nikakitia kikopo mtandaoni. Picha ya mbele, picha ya nyuma, picha ya chini. Nikaandika kwamba kuna mama mkwe wa Ganjoni anatia sumu kwenye begi. Sikumtaja jina. Kwetu Mji wa Kale, kutajiana majina kuna haja gani? Kufika asubuhi kila mtu alikuwa anajua.

Nikapanda tuktuk mpaka Ganjoni, bahasha mkobani. Mama yake Ziad, Bi Alawiya, alinifungulia mwenyewe. Uso ulikuwa umemvimba kwa kulia, lakini alinikaribisha, akaniwekea chai na mkate wa mayai. Hilo lilinikera zaidi. Nilikuja kugombana, nikapewa mkate wa mayai.

"Mwanangu," akasema, "cha buluu n'likinunua mimi. Hicho cheupe sikijui. Na lau nataka mke mweupe, si ningekuja kukuposa wewe?"

Kwa hesabu lilikuwa jibu zuri, ila mimi nilikuwa na lebo, na lebo haidanganyi. Nikamsukumia bahasha. Akairudisha. Akasema pete hurudishwa na aliyevishwa kwa aliyemvisha, si kwa tuktuk.

Nikamuuliza Ziad yuko wapi. Akasema yuko kazini, tangu jana hali wala hazungumzi na mtu. Nikaona ni haki yake, kama ndiyo nyumba anayotoka.

Siku ya tatu, Sidi akapitia kwetu akitoka kazini. Tulikuwa tumekaa sisi watatu, pete ndani ya bahasha, kikopo juu ya meza, na karatasi yangu ya viungo pembeni. Nilikuwa nawaeleza kwa mara ya sita jinsi nilivyoilinganisha na zile nyingine.

Sidi akavua kiatu, akajitazama kisigino.

"Kama nyinyi mmekisusa, nipeni mimi nipake magaga," akasema. Akanyoosha mkono, akafungua kifuniko.

Akatazama ndani. Akanitazama mimi.

"Swafiya, hiki kimeletwa kwa bibi harusi kikiwa kimeliwa?"

Tukasogea. Krimu ilikuwa imebaki nusu. Katikati kulikuwa na alama ya kidole kilichochota, kidole kinene, si cha mawifi wale wenye kucha ndefu. Na pembeni, umenata kwenye krimu, ulikuwapo udevu mmoja mweusi, mfupi, umejikunja.

Siku tatu kile kikopo kilikuwa mkononi mwangu. Nilisoma viungo kumi na tisa, nililinganisha na krimu mbili, nilipiga picha mpaka tumbo lake. Sikuwahi kukifungua.

Nyumba ile ya Ganjoni ina mama, mabinti watatu, na mwanamume mmoja.

Na hapo ndipo akili ilipotujia kwa pamoja. Mtu anashinda Liwatoni juani kutwa, mwezi hadi mwezi, na uso wake unazidi kuwa mweupe. Mji mzima ulimsifu. Hakuna aliyeuliza, hata mimi ninayeishi kwa kuuza hizo krimu.

Farah akachukua simu, akaiweka sauti ya juu.

"Ziad, kile kikopo ni chako?"

Tulisikia feni ya kwao ikizunguka.

"Ni changu," akasema.

Alikuja kabla ya magharibi, akakaa mbele ya mama kichwa chini. Akasema begi lilikuwa likipangwa chumbani kwake. Alikuwa mbele ya kioo anajipaka, mama yake akaingia ghafla, naye Ziad akakisukuma kikopo begini, chini ya dera. Akaenda kusali. Aliporudi, begi limeshaondoka.

Akaeleza kwamba yeye kwa kuzaliwa ni mweusi kuliko Farah. Shuleni walimwita Makaa. Alipojua Farah ni wa nyumba gani, akatutazama sisi wengine weupe wote, akaona hatutampa mke. Akaanza kujipaka miezi saba kabla ya kuja kuposa.

Farah akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na sisi tukacheka kwa sababu yeye amecheka, baada ya siku tatu za kama matanga. Kisha akafuta macho, akamgeukia Ziad.

"Rangi nimekusamehe," akamwambia. "Lakini siku tatu mamako yuwatukanwa mji mzima nawe umekaa kimya. Hilo ndilo linaloniuma."

Farah akampa masharti mawili. La kwanza, aende akaseme mbele ya mama yake na mashangazi wote, leo hii. La pili, nikaha haifungwi mpaka uso wake urudi, maana yeye hajui aliyemposa anafananaje.

La kwanza alilitimiza usiku ule ule. La pili linaendelea. Nikaha imesogezwa, watu waliambiwa ukumbi unavuja, sasa mnajua. Kila asubuhi Ziad anamtumia Farah picha ya uso wake, na kila asubuhi Farah anamjibu neno moja tu, bado. Paji la uso limeanza kurudi. Mashavu yanasuasua. Lakini pete iko kidoleni.

Mimi je?

Mama alinipeleka Ganjoni kuomba radhi. Bi Alawiya alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Nikadhani yamekwisha. Kumbe alikuwa ameshawaita majirani, na mezani vimepangwa vikopo ishirini na moja vya krimu za uso.

"Kaa," akaniambia. "Soma."

Nimesoma vyote, nikifungua kifuniko kabla ya kugusa lebo. Vitano vina haidrokwinoni, na kimojawapo ni cha shangazi yule aliyetaja marehemu. Nimemnong'oneza sikioni kwanza, peke yake, na kuliandika hapa ameniruhusu mwenyewe. Hilo angalau nimejifunza.

Nilipomaliza, Bi Alawiya akanipa simu yangu. Akasema nilipomwaga ndipo nizoe, na niandike jina lake lote asije akadhaniwa mwingine.

Kwa hiyo haya mnayoyasoma nayaandika sebuleni kwake, yeye amevaa miwani amekaa ubavuni mwangu, anapitia kila mstari. Ameshanifutisha miwili.

Funzo ameniachia niandike mwenyewe. Endeleeni kusoma lebo, ngozi ni moja. Lakini ukishika kitu cha mtu, kifungue kabla hujamhukumu, na ukishakifungua, mwambie yeye kwanza.

Bi Alawiya wa Ganjoni hakutia sumu kwenye begi la dada yangu. Iliyomwagika ilitoka kinywani mwangu, nami namwomba radhi mbele yenu nyote.