Sauti Iliyojaza Diski

Diski yetu ya nje ilikuwa na ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Mume wangu aliinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga ofisi yake mjini Meru. Ilichomekwa nyuma ya kompyuta, pale pale pa waya wa printa, kwa hivyo nikitaka kuhifadhi nakala za akiba ilibidi watu waache kuprinti kwanza. Wanafunzi walinung'unika. Niliwaambia wakanung'unikie nje kwenye vumbi, maana ndani hatukuwa na nafasi ya watu wala ya manung'uniko.

Hiyo ilikuwa Nchiru, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye chumba chetu cha mabati karibu na chuo. Mume wangu alichapa kazi za wanafunzi, mimi nikatunza diski. Zile floppy zao, vidiski vya plastiki, zilikufa ovyo, na zisife vipi, ikiwa mtu anazitia mfukoni pamoja na njugu? Basi kila kazi tuliyochapa tuliiwekea nakala kwenye diski ya nje. Ikijaa, mimi ndiye niliyeamua nani atoke. Waliohitimu walitoka kwanza. Programu za mazishi zilifuata, marehemu akishazikwa. Kumbukumbu za kamati za harusi nilizifuta bila huruma, kwani harusi ikishapita nani anataka kujua ni nani aliyeahidi mbuzi akaleta kuku?

Kulikuwa na faili moja tu ambayo haikuingia katika hesabu hiyo, nayo ilikuwa sauti ya mtoto wetu.

Alikuwa mtoto wetu wa pekee. Tulimpa jina la babake mume wangu, na kwa hivyo mama mkwe, kama ilivyo kwetu, alimwita mzee wangu, kana kwamba ni mumewe. Kila alipokuja kutoka Kianjai na ndizi mbivu, alimpa mkononi na kusema, "Shika, mzee wangu, usinigombeze." Mtoto naye alijibu kwa sauti nzito ya uongo, mpaka wateja wakacheka wakasahau foleni.

Siku moja mume wangu alichomeka kipaza sauti kilichokuja na kompyuta, akamwambia aseme chochote. Mtoto akahesabu kwa Kiswahili cha shule ya nasari. Alikuwa amevunja jino la mbele kwenye ngazi ya duka, kwa hivyo akifika sita na saba, pumzi ilipita penye pengo ikapiga kifilimbi chembamba. Halafu akauliza, "Baba, imeingia?" Akacheka, akaanza tena tangu mwanzo. Ilichukua dakika chache tu, lakini faili ilikuwa kubwa kuliko kazi za darasa zima. Haikuenea kwenye floppy. Kwenye kompyuta yenyewe nafasi ilikuwa ya kuombaomba, kwa hivyo ilikaa kwenye diski ya nje, peke yake, bila nakala nyingine. Sisi tuliokuwa tukihubiria wanafunzi kuweka kazi mara mbili!

Kabla ya mvua za mwaka uliofuata, homa ya uti wa mgongo ilimchukua. Sitaandika habari za hospitali. Tulimzika Kianjai, karibu na babu yake, na mama mkwe akalia kama mtu aliyefiwa na mume mara ya pili. Tuliporudi dukani, wateja waliokuwa wakiniita mama wa fulani hawakujua tena waniite nani. Wakaanza kuniita madam. Nililichukia jina hilo kuliko matusi.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la wateja, niliifungua faili ile. Mume wangu alikuwa akitoka nje kufagia. Alifagia mpaka mchanga ukaisha mlangoni, na moyoni nikamhukumu kuwa mtu mkavu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nilijiambia, nikisahau kwamba methali haikusema mama peke yake.

Kisha muhula wa mwisho ukafika, diski ikajaa. Msichana mmoja wa mwaka wa nne alikuja asubuhi akitaka sura zake tatu za utafiti, nasi hatukuwa nazo. Stima ilikuwa imepotea tukiwa katikati ya kuchapa, na nakala ya akiba hatukuwahi kuiweka kwa kukosa nafasi. Alikaa kwenye benchi akalia, akifuta machozi kwa sweta.

"Auntie, sasa nitaambia supervisor nini? Si mlisema mnaweka backup?"

Alipoondoka mume wangu alinitazama, nami nikajua anachotaka kusema.

"Futa zote ukitaka," nilimwambia. "Hiyo usiguse. Ukiifuta, nafunga virago leo leo naenda kwetu Embu."

"Sijasema nitaifuta," akasema kwa upole.

Na kweli hakuifuta. Mchana huo niliporudi kutoka sokoni nilimkuta amekaa wima, uso una mwanga ambao sikuwa nimeuona tangu mazishi. Alikuwa amepata programu ya kupunguza ukubwa wa sauti. Faili ilikuwa imebaki ndogo sana, akaniambia, hata kazi za wanafunzi wote zingetosha sasa, na mtoto wetu angekaa pale hata miaka mia bila mtu kumsukuma. Kwa kuwa diski haikuwa na nafasi ya faili mbili, alikuwa ameihifadhi ndogo juu ya kubwa.

"Sikiliza," akasema.

Nikasikiliza. Mtoto alihesabu kama mtu aliyefunikwa blanketi. Moja, mbili, tatu, zote zilikuwapo. Akafika sita, akafika saba, na kifilimbi hakikuwapo. Penye pengo la jino hapakupita kitu. Kicheko kilitoka kikiwa kimekauka, kicheko cha mtoto yeyote wa nasari yoyote. Nilihisi nimefiwa upya, mchana kweupe, na kikapu cha sukuma wiki mkononi.

"Si ni yeye?" mume wangu akauliza.

Nilitaka kumrarua. Lakini alikuwa tayari ameirudisha mwanzo aisikie tena, nikaelewa kwamba siku hiyo ndiyo alikuwa ameisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Asubuhi zote zile alizofagia, alikuwa akiikimbia. Sasa alikuwa amepata ujasiri wa kuifungua ili aniokolee sauti ile.

"Ni yeye," nikasema.

Niliubeba uongo huo peke yangu, na kwa wiki kadhaa ulimfaa. Akawa yeye sasa anaifungua asubuhi, mimi nafagia.

Mama mkwe alikuja kututembelea wakati wa kuvuna mahindi. Hakujua kwamba tuna sauti ile. Mume wangu alitaka kumfurahisha bila kumwambia, akamkalisha kwenye benchi na kikombe cha chai, akanikonyeza, akaifungua. Mama aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, akitabasamu kwa adabu, kama mgeni anayesikilizishwa redio ya mwenye nyumba.

"Hii redio yenu ni nzuri," akasema. "Na hako katoto kanajua kuhesabu. Ni ka nani?"

Mume wangu hakugeuka. Niliuona mgongo wake ukishuka pole pole, na nikajua kwamba uongo wangu umekwisha kazi.

"Ni ka mteja, mama," akasema.

"Mungu akakuze," akasema mama, akanywa chai yake. Nasi wawili tukaitikia, amina.