Majina Aliyoyajua Akello

Akello aliuza omena, wale dagaa wadogo, pale ufukoni Dunga kwa miaka thelathini na saba, lakini watu walimjua kwa majina. Mtoto mchanga akilia bila ugonjwa, akikataa ziwa la mama yake, Akello ndiye aliyeitwa. Alimpakata, akaanza kuwataja wafu wa ukoo ule mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba hadi nyumba. Likifika jina la yule anayetaka kurudi, mtoto alinyamaza na kunyonya, naye akaitwa jina hilo. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu mara nne. Nami si mtu wa kuamini ovyo. Nilijisomea vitabu peke yangu miaka yote niliyolinda ghala la pamba.

Siku hizi jambo hilo linaitwa pepo. Aliyeliita hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote ni mwanawe Akello mwenyewe, Mathews, mchungaji wa kanisa la mabati huko Manyatta.

Januari hii Terry, mke wa Mathews, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto akalia wiki mbili. Kliniki walimpima, hawakuona kitu. Kanisa likafunga na kuomba. Mtoto akazidi kukonda. Asubuhi moja, Mathews akiwa kwenye mkutano Maseno, Terry akambeba mtoto hadi kwa mama mkwe wake.

Nilikuwa nimeketi mlangoni kwa Akello, maana tulikuwa majirani. Alikuwa amefika jina la sita Mathews alipotokea, amerudi mapema kutoka mkutanoni, akamtoa mtoto mikononi mwa mama yake.

"Mama, wafu hawarudi. Aliyekufa akarudi ni mmoja tu, naye ni Mungu."

"Niache nimalize, baba. Kisha uniite unavyotaka."

"Utamshika siku utakapokiri mbele ya kanisa kwamba Yesu ni Mungu, na kuyakana haya mambo yako."

Akello hakutaka kitu kingine duniani ila kuyamaliza majina yale. Jumapili akaenda. Nilimsindikiza, ingawa nilikuwa sijakanyaga kanisani tangu nioe.

Mathews akamsimamisha mbele ya watu, akamwuliza kama anakiri.

"Nieleweshe kwanza," Akello akasema. "Huyo Yesu alizaliwa na mwanamke?"

"Ndiyo."

"Alilia?"

Watu wakacheka. "Alikuwa mtoto kama wengine, Mama."

"Jina lake walilijuaje?"

"Malaika alimwambia Yosefu."

"Alimkuta wapi?"

"Katika ndoto."

"Yosefu ameota jina, mmejenga kanisa. Mimi nikitaja jina, nina pepo."

"Mama, kiri au uketi."

"Kwamba alikuwa mtu mwema, nakubali. Kwamba alipenda samaki, nakubali zaidi. Lakini mama yake alichota maji kama mimi. Maji yalikuwapo kabla ya huyo mtoto. Siwezi kusema ndiye aliyeyaumba."

Akaketi. Hakumshika mtoto tena.

Injili yao nimeisoma mara tatu, mwanzo hadi mwisho, bila mtu wa kunishika mkono. Nimemkuta mtu aliyeona njaa, aliyelia kwenye kaburi la rafiki yake, aliyemwuliza Mungu kwa nini amemwacha. Mungu gani anaachwa na Mungu? Wageni walituletea mtu huyo wakamwita Mungu, na kwa pumzi hiyohiyo wakawaita babu zetu mashetani. Leo hawana haja ya kurudi. Kazi yao inafanywa na watoto tuliowazaa.

Akello alikufa Machi. Hakuwa na binti wa kumrithisha. Niliwahi kumwomba tuyaandike yale majina kwenye daftari. Alisema jina hutajwa, haliandikwi. Nilimkasirikia wakati ule, na bado nimemkasirikia.

Siku ya maziko, wageni wakiwa wanakula, Terry alinijia na mtoto akilia mgongoni.

"Mzee, wewe ulikaa naye miaka mingi. Taja."

Nikampakata. Nikaanza na yale sita niliyoyasikia, nikaongeza niliyoyaokota hapa na pale. Nilifika kumi na moja, nikakwama. Mtoto alikuwa akilia vilevile. Terry akamchukua kabla mumewe hajatuona.

Mathews amembatiza mtoto kwa jina la Emanueli. Wanasema maana yake ni Mungu pamoja nasi. Juzi nilipita nje ya nyumba yao nikienda dukani. Bado analia.